Hodihodi Yasema Niko Juru

Jumatatu, 4 Machi 2013. Juru.
Leo ni leo! Mzee Nehemiya, babake Apolline, alitangaza jana baada ya ibada kwamba hatapokea wazee wa posa wa kijana asiye na kazi mjini. Mpinzani wangu Parfait wa Base Camp, mtaa wa pili hapa kambini, anachaji simu za watu tu, hana kazi mjini. Mimi pia sina. Lakini nina akili! Nimeweka Hodihodi kwenye simu, ile programu ya ujumbe iliyopendwa na kanisa zima. Nikamwandikia mzee kwamba niko mjini Mbarara, nimepata kazi hotelini. Nimeandika nimechutama katikati ya maharagwe hapa hapa Juru. Apolline ni wangu!

Jumanne, 5 Machi.
Balaa! Chini ya kila ujumbe, Hodihodi inaandika mahali ulipo, kwa herufi ndogo za kijivu. Nani ameiuliza? Mzee hazioni herufi hizo. Parfait, anayemchajia simu, anaziona vizuri sana. Mzee akauliza: "Mwana yangu, Mbarara nayo iko na Juru yake?" Nikajibu kwamba iko, tena kubwa. Nimejisifu kutwa nzima.

Alhamisi, 7 Machi.
Natafuta pa kuzima herufi zile. Kuna kitufe cha kunivisha pembe za mbuzi. Kuna cha kurusha maputo. Cha kuficha mahali, hakuna! Nikabonyeza chenye picha ya jicho, nikidhani ndicho. Kumbe kinamtumia kila mtu moyo unaocheza. Mchungaji amejibu: "Amina." Mkewe hajajibu.

Ijumaa, 8 Machi. Mbarara!
Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeirefusha hadi Mbarara, juu ya lori la mahindi. Na kazi nimepata kweli! Kuosha sahani, hoteli ya karibu na stendi. Nikajipiga picha na masufuria, nikamtumia mzee. Chini yake: Juru! Kumbe programu huchelewa siku kadhaa kutambua kwamba umehama. Nilipodanganya ilisema kweli, sasa nasema kweli inadanganya. Mzee akajibu eti masufuria ya Juru yanang'aa sana, na afadhali kijana asiye na kazi kuliko mwongo. Wazee wa Parfait wanakaribishwa Jumapili. Roho inaniuma. Nampenda Apolline, jamani.

Jumapili, 10 Machi. Juru.
Nimetoroka hotelini alfajiri bila kuaga, nije nimthibitishie mzee ana kwa ana kwamba niko Mbarara. Nikamkuta nje ya nyumba na wazee wa Parfait, chupa za soda mkononi. Nikaapa: Papa, mimi niko Mbarara! Mzee akanitazama kuanzia viatu. "Na huyu mwenye kusimama hapa ni nani?" Wazee wakacheka hadi soda ikamwagika. Apolline naye akacheka, kisha akaingia ndani. Hapo ndipo niliumia. Bosi akapiga simu: nisirudi tena.

Nimejikalia kwenye maharagwe. Nikafungua Hodihodi. Herufi za kijivu, chini ya jina langu: Mbarara! Hatimaye! Nimemwandikia mzee papo hapo kwamba niko Mbarara na nimepandishwa cheo. Akatae sasa!