Albamu ya Pili ya Meno ya Msumeno

Kwanza ilisikika kama mabati yanaburutwa juu ya saruji. Kisha kama paka amekanyagwa mkia. Kisha bati na paka wakaelewana, wakashika mdundo mmoja, na bwana mmoja aliyejibanza nyuma ya ghala la karatasi akachungulia kuona ni nani anauawa.

Alijibanza pale akimkwepa seremala aliyeuziwa naye pampu ya maji, nzuri sana kwa nje, ambayo ndani haikuwa na kitu. Mjini walimwita Asali. Hakuwa na duka, hakuwa na ofisi, hakuwa hata na mkoba. Mtaji wake wote ulikuwa ulimi. Kwa ulimi alikula, kwa ulimi alivaa, na siku ulimi ukigoma angelala njaa kama wale aliozoea kuwacheka.

Ndani ya ghala walikuwamo watatu: msichana wa gitaa aliyenyoa nusu ya kichwa, aliyeitwa Msumari, kaka yake kwenye ngoma, na kijana mmoja mrefu wa gitaa la besi. Walipiga panki, yaani roki iliyokataa adabu: gitaa linakwaruzwa, ngoma inachapwa, mwimbaji anafoka kama aliyedhulumiwa urithi. Asali hakuwatazama. Alitazama vijana waliojazana mlangoni, midomo wazi. Watu wanaopenda kitu kibaya kiasi hiki, aliwaza, watanunua chochote.

Muziki ulipokoma alikuwa tayari amekalia spika yao bila kukaribishwa. Wakamweleza shida yao. Bendi yao, Meno ya Msumeno, ilitoa albamu ya kwanza kwa hasira walizolimbikiza tangu utotoni, na zote zikaishia humo. Ya pili ilikuwa na midundo tele lakini haikuwa na maneno. Msumari alikaa na gitaa mchana kutwa na kinywani hakitoki kitu.

"Mimi si mwizi, mimi ni ndugu," Asali akaanza, kama alivyoanza kwa kila mtu, akakohoa kile kikohozi chake kidogo cha watu wenye heshima zao. Atakuwa meneja wao. Studio juu yake. Mfadhili anaye. Wao kazi yao ni kupiga tu.

Msumari akamkazia macho. "Rudia hapo mwanzo, bosi."

Akarudia. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini anaambiwa arudie. Asali alidhani anapendwa.

Mfadhili alikuwa mwenye duka la magodoro, mtu aliyepata kila kitu isipokuwa watu wa kumsalimia kwa hiari. Asali akaenda kwake na Msumari, amwonyeshe kama sampuli. Msichana akasimama mlangoni akitafuna chingamu huku Asali akimwaga sera: vijana wote wa mji watalitaja jina lako, picha yako itakaa kwenye jalada, na zaidi ya yote, "bwana mkubwa, wewe si mteja, wewe ni baba." Tajiri akavimba kama godoro lililotolewa nailoni. Akakubali, ila hatatoa kitu mpaka aisikie albamu nzima, palepale dukani, kwa masikio yake mwenyewe.

Mpango wa Asali ulikuwa mwepesi: akishika kitita, mji utaona mgongo wake. Lakini bila albamu hakuna kitita, kwa hiyo akamlaghai mwenye studio awarekodi kwa mkopo, na yeye mwenyewe akaenda kulinda kazi. Chumba kilibandikwa trei za mayai ukutani ili kelele zisitoke, na kwa bahati mbaya yake zote zilibaki ndani. Asali akanunua pamba dukani kwa mfamasia, akaziba masikio, akakaa kwenye kochi akitikisa kichwa kama mjuzi.

Wakipumzika, alizibua masikio na kujisifu. Vijana walimuuliza anawezaje kumuuzia mtu pampu tupu, naye akawaeleza neno kwa neno, na sauti akaigiza. Kisha pamba ikarudi, wakaendelea kurekodi. Hivyo ndivyo mtu huyu alivyosimamia albamu nzima bila kuisikia.

Siku ya kuisikiliza, tajiri alikaa juu ya rundo la magodoro, na adabu haikuruhusu meneja azibe masikio mbele ya baba. Spika zikanguruma:

*Mimi si mwizi, mimi ni ndugu,*
*toa upesi, acha vurugu,*
*faida kesho, haki ya Mungu,*
*ukiikosa, kula uchungu.*

Maneno matamu haya, Asali akawaza, ni ya nani? Ndipo Msumari wa kwenye spika akakohoa kikohozi kidogo cha watu wenye heshima zao.

Wimbo wa pili ulikuwa wa pampu. Wa tatu kiitikio chake kilikuwa "wewe si mteja, wewe ni baba", kikafokwa mpaka vioo vya duka vikatetemeka.

"Hayo si uliyoniambia mimi?" tajiri akauliza.

"Yanafanana kidogo, baba."

"Hata kikohozi?"

Kitita kikarudi mfuko wa ndani wa koti. Mwenye studio, ambaye naye alishaitwa ndugu, aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaitoa albamu mwenyewe. Ikaenea kama upele.

Asali akahamia mtaa wa pili, kisha wa tatu. Katika saluni moja alijaribu kumuuzia mama mwenye nywele ndefu kiwanja ambacho hakikuwepo. Akasema, mimi si mwizi. Mama akadakia kuwa ni ndugu, msusi akapiga mdundo mezani kwa kitana, na waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele wakamalizia ubeti wote. Kila alipofungua kinywa, mji ulimwimbia.

Akarudi ghalani, shati limelowa jasho. Msumari alikuwa akifunga nyuzi za gitaa.

"Dada yangu, iondoeni. Mmenifanya bubu. Nitakula nini?" Kisha haya zikamtoka, akaanza kuwatukana: majambazi, watoto wasio na malezi, mashetani wenye gitaa.

Msumari akanyanyua mkono, kaka yake akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Endelea, mjomba, usipunguze," akasema kwa upole. "Ya tatu nayo tumekwama. Nakuahidi, safari hii hatutabadilisha neno lako hata moja."