Mizunguko Saba ya Kaburi la Malkia

Profesa aliwaona kabla hawajafika kaunta ya magari ya kukodi. Walikuwa wazee wawili, mume na mke, wamevaa kofia za jua za rangi moja. Mzee alikuwa anasoma kitabu cha watalii huku amekishika kichwa chini miguu juu. Moyo wa Profesa ukaruka kwa furaha. Mtu kama huyu, alijiambia, ukimwacha aende zake bila kumwibia utakuwa umemwonea.

Mniwie radhi, niwaeleze kwanza huyu Profesa ni nani. Uprofesa alipewa na fundi viatu mmoja aliyekuwa anamtania, naye akaupokea kwa mikono miwili. Yeye na shule waliachana mapema. Mali yake ilikuwa koti la kijivu, miwani ya vioo vitupu, na ile sauti ya watu wanaotangaza msiba redioni. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye magofu ya kale. Sisemi magofu ya kweli, maana hayo yana tiketi, walinzi na watu wanaojua wanachosema. Yake aliyatunga mwenyewe.

Tena siku hizi alikuwa amejipandisha cheo. Alikuwa anakodi gari kwa jina lake, wageni wanalipa, kisha anawaacha porini na kulipeleka kwa shemeji yake muuza vipuri. Kabla ya jua kuzama, gari lishakuwa milango minne na rundo la boliti. Yeye huyo mbio kituo cha polisi, machozi yanamtiririka: "Wageni wameniibia gari!" Wageni nao wakifika kulalamika, wanasema walitelekezwa kwenye kaburi la malkia. Polisi wanafungua ramani: hakuna kaburi, hakuna malkia. Basi wageni wanaonekana wamechanganyikiwa na jua, wanapanda ndege yao, mambo yamekwisha.

Mara mbili mwaka ule alilia hivyo, na kampuni mbili tofauti zikampa pole. Ila mara ya pili sajenti wa zamu alimwambia, "Profesa, ukija mara ya tatu, uje na mswaki wako." Profesa akacheka. Alidhani ni utani, kwa kuwa mjinga machozi yake yakiaminiwa huwa hasikii lingine.

"Karibuni sana, wazazi wangu!" akawapokea pale kaunta. "Mmekuja kuona mambo ya kale?"

"Ndiyo, mwanangu," alisema Bibi, akimwangalia kutoka viatu mpaka miwani. "Lakini tuna shida. Leseni ya mume wangu imekwisha muda. Huyu karani anasema hawezi kutupa gari."

"Mama, na mimi nipo kwa ajili ya nini?"

Karani akazunguka gari jeupe, jipya, bado linanuka plastiki. Akaandika mikwaruzo yote kwenye fomu, hata mmoja mdogo kama ukucha. Profesa akatoa leseni yake, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho, akaweka sahihi ndefu yenye mikia. Mzee akalipa siku tatu papo hapo bila kuomba punguzo. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka. Mtu asiyeomba punguzo, muogope!

"Na likipotea, mwanangu, nani anaulizwa?" aliuliza Bibi.

"Mimi, mama. Ninyi stareheni tu."

"Mungu akubariki," alisema Bibi, na ilionekana anamaanisha.

Kituo cha kwanza kilikuwa tanuri bovu la kuchomea matofali, nje ya mji.

"Hapa," alisema Profesa kwa sauti ya msiba, "ndipo majenerali wa kale walipokuwa wakioga kabla ya vita."

Bibi akatoa daftari. "Majenerali wangapi?"

"Arobaini, mama."

"Arobaini, kwenye kijumba hiki?"

"Kwa zamu."

"Na haya masizi?"

"Maji yalikuwa ya moto sana."

Bibi akaandika. Mzee akageuka pembeni, mabega yakimtikisika. Profesa akadhani analia kwa uchungu wa historia, akampigapiga mgongoni, pole mzee, ni zamani. Namwonea haya mpaka leo.

Saa nane mchana wakafika kilimani. Juu yake palikuwa na tangi la maji la shamba lililokufa zamani, duara, limepasuka, mbuzi wamelichora kwa pembe. Hilo ndilo kaburi la malkia.

"Masharti ya hapa ni mazito," alisema Profesa. "Unavua viatu. Kila chenye chuma au umeme unakiacha juu ya lile jiwe, hata koti. Halafu unazunguka mara saba, macho umefumba, unaimba kwa pua. Ukifumbua kabla ya saba, malkia anakasirika."

Masharti hayo aliyabuni kwa ustadi, hilo nakubali. Mtu asiye na viatu hakimbizi gari, na mtu asiye na simu hapigi kelele kwa yeyote. Yeye mwenyewe huwa anabaki karibu na gari, ufunguo mfukoni, anahesabu mizunguko yao mpaka wa tatu.

Bibi akavua kofia kwa heshima. "Sawa, baba. Tangulia."

"Mimi? Mimi ni kiongozi tu, mama."

"Ndiyo maana. Sisi tulivyolelewa, mgeni hatangulii mwenyeji. Hata chakula, mwenyeji anaonja kwanza. Nitaingiaje kwa malkia wa watu kabla yako? Hiyo ni dharau."

"Lakini mama..."

"Au," alisema Mzee polepole, "hata wewe Profesa huliamini kaburi lako?"

Hapo wakamgusa penye kidonda. Mwizi ukimwita mwizi anacheka, lakini ukitilia shaka uprofesa wake anaumia. Zaidi ya hayo, gari jipya namna ile hakuwahi kulipata. Kichwani alikwisha kuwasikia wateja wa shemeji yake wakiligombea. Dakika tano za kujitia wazimu ni kitu gani? Akavua viatu. Akaweka simu juu ya jiwe. Akalikunja koti vizuri, ufunguo na leseni ndani yake, akafumba macho na kuanza kuimba kwa pua.

Mzunguko wa kwanza akakanyaga mwiba. Wa tatu akasikia mlango wa gari.

"Mzee anafuata maji ya kunywa!" alipaza sauti Bibi. "Endelea, baba, una sauti tamu jamani!"

Sauti tamu! Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akaongeza sauti. Aliongeza mpaka mzunguko wa tano, na kwa kelele zake mwenyewe injini akaisikia kwa mbali tu, kama ya mtu mwingine. Alipofumbua macho, vumbi lilikuwa linashuka kilima. Juu ya jiwe hapakuwa na koti, simu wala viatu. Palikuwa na kile kitabu cha watalii, kimefunguliwa, na maandishi ya Bibi pembezoni:

"Mwanangu, hii mbinu ya mizunguko ni nzuri kuliko yetu. Sisi miaka yote tulikuwa tunatumia maji ya baraka yenye dawa ya usingizi, na siku hizi watu hawanywi ovyo. Asante kwa somo."

Profesa akakimbia hatua kumi, miiba ikamrudisha.

Alifika kituoni jioni, amepakiwa nyuma ya lori la kokoto, miguu imevimba. Sajenti alikuwa yuleyule, na kiti kilikuwepo, lakini safari hii hakupewa.

"Wageni wameniibia gari!" alilia Profesa. Machozi yalikuwa ya kweli, na ajabu ni kwamba yalikuwa machache kuliko yale ya uongo.

"Wapi?"

"Kwenye kaburi la malkia."

Sajenti akafungua ramani taratibu, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini. "Hapa hakuna kaburi la malkia."

"Najua hakuna, afande! Ni tangi la maji! Hilo kaburi nililitunga mimi!"

"Gari lilikodiwa kwa jina la nani?"

"La kwangu. Lakini nisikilize, afande, naapa kwa mama yangu mzazi, safari hii ni kweli!"

Kalamu ya sajenti ikasimama. "Safari hii," alirudia. "Na zile mbili?"

Profesa akageuka kutazama mlango.

Sajenti akavuta karatasi mpya, akaandika tarehe, akainua macho.

"Mswaki umekuja nao?"

Profesa akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti, akakumbuka hana koti.