Kamati ya Madirisha Yanayojipanga

Idara inapenda kuutangazia umma kwamba madirisha yote ya kompyuta zetu sasa yana nidhamu. Ukiliburuta moja mpaka ukingoni mwa kioo, linajibandika lenyewe, linajinyoosha, linajaza nusu nzima. Halisubiri kusukumwa. Nilipoliona mara ya kwanza nilisisimka, maana hilo ni jambo ambalo watumishi wa idara hii hawajawahi kulifanya tangu idara ianzishwe.

Mimi ni Kaimu Mkurugenzi. Neno kaimu lilikuwa la muda tu. Waziri alikuwa anakuja kunithibitisha, na shemeji zangu walishaanza kuniita mheshimiwa. Ndiyo maana nilishtuka karani wa vyeti vya kuzaliwa alipoingia ofisini kwangu na hoja ya uchochezi.

"Bosi, naomba tuzime hiki kitu cha madirisha kujibandika."

"Tuzime nidhamu?"

"Yanarukaruka, bosi. Nikisogeza taarifa za mzazi, zinaruka zinafunika za hospitali. Jana nimempa mtoto mchanga umri wa babu yake. Mama yake yuko hapo nje, anawaka."

"Mwambie mtoto atakua."

"Ni swichi moja tu, bosi, kwenye mipangilio. Hata dakika haiishi."

Nilimwonea huruma. Ofisi ya umma haiwezi kuzima kitu kwa dakika moja. Watu wataanza kujiuliza tunashinda hapa tukifanya nini. Nikaunda Kamati ya Madirisha, nikajiteua mwenyekiti, tukanywa chai, tukatoa waraka: mtumishi yeyote, wa cheo chochote, haruhusiwi kugusa mipangilio bila kikao cha kamati, na atakayekiuka atahamishiwa stoo. Karani akausoma mara mbili, akausaini. Mama wa mtoto aliendelea kukaa kwenye benchi la korido.

Siku ya Waziri ikafika. Ukumbi ulijaa, kompyuta yangu ikaunganishwa na projekta, nikaanza hotuba juu ya nidhamu ya kidijitali. Ili nisionekane wa maneno matupu, nikaliburuta dirisha la hotuba mpaka ukingoni. Likajibandika kwa heshima zote. Nusu ya pili ikapanga picha ndogo za kila kitu nilichokuwa nimekiacha wazi. Nikakimbilia kuziondoa, kidole kikateleza, na ukutani yakatanda mazungumzo yangu na mke wangu.

*Huyo mzee kashafika?* aliuliza mke wangu.

*Kafika. Kitambi kimetangulia, mwenyewe anafuata. Akishanithibitisha, simjui hanijui.*

Ukumbi mzima ukasoma. Nikalivuta dirisha kulia, likajibandika kulia. Nikalivuta juu, likajaza ukuta mzima. Kitufe cha kulifunga sikukiona, jasho lilikuwa limeniingia machoni. Niliogopa, nasema kweli. Mke wangu, asiye na habari, akaongeza: *Vumilia, mume wangu. Si ni hotuba ile ile ya mwaka jana?*

"Karani!" nikanong'ona. "Zima! Zima hiki kitu!"

Karani alisimama, akaweka mikono nyuma. "Nisamehe, bosi. Mpaka kamati ikae."

"Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Waraka unasema wa cheo chochote, bosi. Na wajumbe wengine wameshatoka nje."

Kweli, viti vyao vilikuwa vitupu. Waziri, aliyekuwa ameshika barua yangu ya uthibitisho tayari kunikabidhi, alianza kujipepea nayo.

"Kamati inakaa lini?" aliuliza.

"Alhamisi, mheshimiwa," alijibu karani. "Chai ikipatikana."

Waziri akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akavaa miwani na kusogeza kiti chake karibu na ukuta.

"Basi msimharakishe mtu. Utaratibu ni utaratibu," alisema, akinionyesha ukuta kwa kidevu. "Kaa, Kaimu. Mkeo bado anaandika."