Moyo Mpya wa Josia Haujatoa Mahari

Bariadi,
9 Julai 1998

Kwa Daktari Mpasuaji wa Moyo,
India.

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo, na pole na kazi. Tafuta mtu wa kukusomea, maana Kiingereza changu kiliishia darasa la saba nami sitaki kulalamika kwa kubahatisha.

Mimi ni mke wa Josia, yule mnunuzi wa pamba ambaye mwaka jana ulimtoa moyo uliochoka ukamwekea wa marehemu. Moyo unadunda vizuri, asante sana. Anayenishinda ni mwenye nao, kama ifuatavyo:

1. Josia aliwajua ng'ombe wetu wote kwa rangi na kwa mama zao. Siku hizi ananiuliza habari za yule mwekundu, namjibu, na kabla sijafunga zizi anauliza tena.

2. Analia. Kuku akichinjwa analia, pamba ikipakiwa kwenye lori analia. Mwanamume aliyewazika wazazi wake bila chozi!

3. Asubuhi anautazama uji mpaka unapoa. Akifungua kinywa anasema anaogopa, wala hajui anaogopa nini. Hili linaniuma.

4. Sisi ni Wagika, kundi la ngoma, tangu babu. Kwenye mashindano ya ngoma ya Sabasaba, Josia amewapigia makofi Wagalu, wapinzani wetu, mbele ya watu wote. Hapo ndipo nikajua kuwa marehemu alikuwa Mgalu. Ulipaswa kuuliza kabla ya kupasua.

Sasa baba yangu mdogo, Mihayo, anasema ng'ombe kumi na wanane wa mahari yangu walitolewa na moyo wa kwanza. Huu wa sasa haujatoa hata ndama, na mimi naupikia ugali kila siku. Kwa hiyo naomba ama ukoo wa marehemu ulete ng'ombe, ama uturudishie moyo wetu wa zamani, hata kama umechakaa. Ukali wake tulishauzoea.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule aliyemfundisha Josia kunywa dawa kwa saa. Hapa Kulwa, wifi yangu Scola na ng'ombe wote wanakusalimu.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Wilhelmina, mama Kulwa

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, Josia amekuja jikoni, akanitazama sana, akaniuliza kama nimeolewa. Miaka ishirini na miwili yule wa zamani hakuwahi kuniuliza kitu. Nimemjibu, "Bado." Sasa yuko zizini anachagua ng'ombe wa mahari. Usirudishe chochote, Daktari. Ila kama ipo dawa ya ile hofu yake, itume upesi.