Paka Wote ni Mbwa

Jumatatu, 4 Mei
Shemeji kapata nyota ya tatu. Kaitangaza mezani kabla chai haijamiminwa, na mke wangu akampigia mdogo wake vigelegele. Nani alimwingiza kwenye kazi hii? Mimi! Nani alimfundisha? Mimi! Picha inakuja kwenye simu, unasema ni paka, mbwa au mfuko wa takataka, ili magari yasiyo na dereva yajue cha kukwepa. Ukipatia sana, kampuni inakupa nyota. Leo mwanafunzi ana nyota tatu, mwalimu moja. Sina wivu. Nauliza tu.

Jumanne, 5 Mei
Kampuni inatafuta mkaguzi mmoja kutoka kundi letu. Atakayekosea kidogo kuliko wote wiki hii ndiye atakayewakagua wenzake. Mama mkwe kauliza, mimi nikiwepo, shemeji atavaa nini siku ya kwanza. Kazi yenyewe hufanyiwa kwenye kochi!

Jumatano, 6 Mei
Dawa imepatikana. Nimesoma kanuni upya, kwa kalamu nyekundu. Kila picha hupewa watu kadhaa wa kundi, na jibu la wengi ndilo sahihi. Kumbe macho si kitu. Wingi ndio kitu! Nikiingiza watu wangu, wote tukasema paka ni mbwa, shemeji atabaki peke yake na ukweli wake. Nimemwendea kinyozi. Kacheka mpaka mteja akashika kichwa kwa hofu. Kakubali. Fundi cherehani kakubali. Muuza vocha naye. Wote wamejiandikisha kwenye kundi letu.

Ijumaa, 8 Mei
Nimechapa kazi kutwa. Paka juu ya ukuta: mbwa. Paka kwenye dirisha: mbwa. Paka ananyonyesha watoto: mbwa, bila kupepesa. Shemeji yuko kochini anaimba. Imba, mama, imba.

Jumamosi, 9 Mei
Balaa! Nyota yangu imenyang'anywa. Nimekimbilia kwa kinyozi. Anasema alijaribu, lakini kila akiona yale masharubu mkono ulikataa. Masharubu ndiyo yanayomlisha. Fundi cherehani alidhani natania. Muuza vocha kaniita kaka, kisha akaniambia paka ni paka, nilitaka aseme nini? Kwa hiyo wengi walikuwepo kweli. Wote upande wa shemeji! Nimerudishwa kwenye mafunzo ya wanaoanza. Wananionyesha mchoro wa paka na kuniuliza kama nimemwona.

Jumapili, 10 Mei
Shemeji ndiye mkaguzi. Wa kwanza kukaguliwa: mimi. Kaniandikia, "Usikate tamaa, shemeji. Tazama masikio, ya paka yamechongoka." Mke wangu anashauri nikapime macho. Nimejitafakari kwa kina, kosa langu nikaliona.

Jumatatu, 11 Mei
Kosa langu ni kuwaamini watu baki. Mambo kama haya ni ya familia. Asubuhi nimemwandikisha mama mkwe, nikamweleza taratibu kwamba paka wote ni mbwa. Kaitikia vizuri, "Sawa, baba." Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na nyota! Eti kavaa miwani yake, kamtambua paka chini ya gari kwa ncha ya mkia. Vigelegele nyumba nzima. Shemeji kamkumbatia. Hata mimi nimepiga makofi.

Sina wivu kabisa. Ila kesho mama mkwe miwani yake ataitafuta sana.