Kamati ya Jasho la Kioo

Kitendawili, nakutegea wewe: hajalima, hajatwanga, lakini jua likiwaka analowa jasho mwili mzima. Umeshindwa? Nipe mji. Kilwa Kivinje? Naupokea. Jibu ni kioo cha gari la Bwana Abilahi, mkuu wa Idara ya Mwonekano Mwema.

Idara ilishawatangazia wananchi kuwa ukungu wa vioo ni marufuku kuanzia saa mbili asubuhi. Ukungu haukusoma tangazo. Njiani kwenda Kiswere, jua likikaanga korosho mtini, kioo cha mbele kikawa cheupe kama tui, na dereva Severini akamtumbukiza bosi wake mtaroni. Iliyoumia ni suti tu.

Ikaundwa kamati. Ili kuokoa muda, ikaandika hukumu kwanza: "Msababisha ukungu asipande gari la idara mwaka mzima." Bwana Abilahi, mwenyekiti, akasaini. Severini akanyong'onyea. Dereva asiyepanda gari ana kazi gani?

Uchunguzi ukafanyika garini, nje ya ofisi. Wajumbe wakajifungia pamoja na Severini, kiyoyozi kikavuma, meno yakagongana. Kioo kikapotea ukunguni. Wakakifuta kwa leso, kwa tai, kwa muhtasari wa kikao kilichopita.

"Ukungu huu ni mkaidi," akasema katibu, Jenipher. "Niandike?"

"Andika!" akaamuru mwenyekiti.

Bi Kibibi, mpika chai wa ofisi, akaja na birika. Akapitisha upindo wa kanga kwenye kioo, upande wa nje. Wajumbe wakaonekana wote, wamejikunyata kama vifaranga.

Severini akashusha dirisha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnafuta ndani? Mtungi wa maji baridi hutoka jasho wapi?"

"Nje."

"Haya! Washa waipa, punguza baridi, usikipulizie kioo. Kwani huwezi?"

Severini akaonyesha karatasi iliyobandikwa juu ya kitufe. Jenipher akaisoma kwa sauti ya kiofisi: "Kitufe cha kiyoyozi kisiguswe na mtu yeyote, isipokuwa..."

"Isipokuwa nani, mwanangu?" akauliza Bi Kibibi.

Mjumbe mmoja akakagua kucha zake. Jenipher akashika kalamu juu ya nafasi ya jina kwenye ile hukumu, akangoja. Severini akashuka, akazunguka, akamfungulia bosi wake mlango kwa adabu zote.

Bwana Abilahi akalegeza tai.

"Mimi," akasema.