Mgongo wa Bibi Ukutani

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Jumapili ukoo unakaa kuamua nani arithi nyumba ya marehemu Bibi Ng'washi hapa Somanda: mimi au binamu yangu Maige. Maige ana watoto, ana ng'ombe, ana sifa. Mimi nina akili. Nitaipaka sebule rangi nyeupe kabla hawajafika. Nani atamtoa mtu kwenye nyumba aliyoikarabati mwenyewe? Muuza rangi akaniuliza nataka nyeupe ya maziwa, ya mfupa au ya theluji. Nikachukua ya theluji. Sijawahi kuiona theluji, lakini hata Maige hajaiona.

Jumanne, 10 Septemba

Kuna doa. Miaka yote Bibi alikaa kwenye kigoda pale pale, kaegemea ukuta, nywele kapaka samli. Kichwa na mabega vimebaki ukutani, rangi ya chai. Fundi Bujiku akasema mafuta yasuguliwe kwa sabuni, ipakwe praima, rangi ya chini ya kuzuia doa, ndipo nyeupe ifuate. Akaongeza kwamba kwanza nimwamkie Bibi, nimweleze ninachofanya nyumbani kwake. Nikamwambia simlipi anifundishe kuamkia kuta. Akakusanya brashi zake akaenda. Nimepaka mwenyewe, juu ya samli. Safi kabisa! Bibi hayupo.

Alhamisi, 12 Septemba

Amerudi. Kichwa, mabega, na sasa shingo. Nikapaka tena, akarudi. Nikamfunika kwa kalenda ya kanisa. Asubuhi kalenda iko sakafuni, kifudifudi. Kigoda nilichokifungia stoo nacho kipo chini ya doa. Maige huyo! Ila stoo ina kufuli, na ufunguo ninao mimi. Na kichwa kimeinamia upande wa chumba changu, kama mtu anayesikiliza. Naogopa, sitaki kudanganya.

Jumamosi, 14 Septemba

Mbinu mpya. Asiyefutika atakuwa shahidi wangu. Nitawaambia Bibi amerudi kunichagua mimi. Nimejizoeza sauti ya huzuni. Kasoro moja: chumba ni cheupe mno. Nikizima taa bado nauona ukuta, na yeye ndani yake.

Jumapili, 15 Septemba

Shangazi Nyanjige, binti wa Bibi, aliingia akapiga goti mbele ya ukuta. Akaamkia kwa Kisukuma: mwangaluka, mayu, yaani umeamkaje, mama. Kisha akawa anaitikia kwa kichwa, kama anayeelezwa jambo. Nikatoa hotuba yangu. Shangazi akasema ni kweli, mama amerudi, na nyumba ambayo mwenyewe bado amekaa ndani hairithiwi. Maige akaafiki haraka, mnafiki yule. Ikaamuliwa kwamba mimi niliyemsumbua nilale sebuleni nimtunze, na kila asubuhi nimwamkie.

Ijumaa, 20 Septemba

Nalala kwenye ukuta wa pili, mbali naye. Simwamkii. Tukizoeana atanipangia na kazi. Leo nimeamka nikakuta doa jipya ubavuni mwake. Mabega membamba, masikio yamechomoza kama yangu. Sijaegemea pale hata siku moja. Chai yote ikanimwagikia mapajani.

Kisha nikatulia, nikafikiri. Jumapili ijayo naitisha kikao upya. Maige atakuja peke yake. Upande wangu tayari tuko wawili ukutani, na mimi wa tatu.